Mwanafunzi wa udaktari na siku ya ruhusa: namna ya kumfundisha kumsemea mgonjwa hadi afike nyumbani

Mgonjwa anapolazwa, mwanafunzi wa udaktari hubanwa maswali hadi jasho limtoke: historia, uchunguzi, vipimo, na magonjwa gani mengine yanafanana na huu alio nao. Siku mgonjwa huyohuyo anapopewa ruhusa, mwanafunzi yuko darasani au yuko kitanda kingine. Interni, yaani daktari mpya aliye kwenye mafunzo kazini, anajaza fomu akiwa amesimama, nesi anamtafuta ndugu aliyekwenda dirisha la malipo, na mgonjwa anaondoka na mfuko wa dawa pamoja na karatasi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma.

Mwongozo huu ni kwa daktari, interni au muuguzi anayefundisha wodini hapa Moshi, na kwa mwenzake wa Arusha ambaye wagonjwa wake hawana tofauti kubwa na wetu. Ninachoshikilia ni kimoja: kumsemea mgonjwa, yaani kusema kwa niaba yake, hakufundishiki kwa slaidi. Mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja, akae naye tangu kulazwa hadi simu ya baada ya ruhusa, na asahihishwe njiani. Tena mwanafunzi ndiye mtu pekee wodini mwenye muda. Bingwa ana kliniki, rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, yuko chumba cha upasuaji, nesi ana vitanda vingi. Muda wa mwanafunzi ni mali ya wodi, na mara nyingi tunaumalizia kwenye kumsimamisha nyuma ya raundi, madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, akiandika.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wake wa matumizi ya dawa bila madhara mwaka 2017, lilitaja mambo matatu ya kuanza nayo: mazingira yenye hatari kubwa, wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa anapohama kutoka kituo kimoja cha huduma kwenda kingine. Mzee wa Rombo mwenye kisukari na presha, anayetoka hospitali ya rufaa kurudi kwenye zahanati ya kijijini kwake, anayo yote matatu kwa mpigo.

Hatua ya 1: Chagua mgonjwa mwenye safari ngumu

Usimpe mwanafunzi mgonjwa wa malaria anayeondoka kesho akiwa mzima. Mpe yule ambaye ruhusa yake ina mitego: mama mwenye moyo ulioshindwa kazi, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mgonjwa anayeanzishiwa insulini, mzee aliyepata kiharusi. Hospitali za rufaa za hapa hupokea watu kutoka mbali. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya kanda nzima ya kaskazini, kwa hiyo "nyumbani" inaweza kuwa Pasua, dakika chache kwa daladala, na inaweza kuwa kijiji cha Simanjiro ambako gari halipiti kila siku.

Siku ya kwanza mwanafunzi ajitambulishe kwa ukweli. Koti jeupe linamfanya kila mtu aitwe dokta, na wanafunzi hulipenda jina hilo kabla ya wakati wake. Maneno yawe haya, au yanayofanana nayo: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Nafanya kazi chini ya daktari anayekutibu. Ukikubali, nitakuwa nakuja kila siku, na siku ukiruhusiwa nitakusaidia kujiandaa." Akikataa, asibembelezwe. Atafutwe mgonjwa mwingine.

Hatua ya 2: Historia ya nyumbani

Hapa ndipo mafunzo haya yanapokaa au kuanguka. Historia tuliyozoea inaishia kwenye "havuti sigara, ameolewa, ana watoto wanne." Hiyo haimsaidii mtu kurudi nyumbani. Mwambie mwanafunzi alete majibu ya maswali haya ndani ya siku mbili tangu mgonjwa alazwe, wala asiyaulize yote kwa mkupuo kama karani wa sensa:

Nani anapika nyumbani, na chungu ni kimoja kwa wote? Nani atakwenda kununua dawa? Anayemuuguza hapa wodini ndiye atakayekuwa naye kule, au ni mpwa aliyeazimwa kwa wiki moja? Choo ni cha kuchuchumaa? Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mwendo gani, na mvua za masika zikinyesha bodaboda inapanda? Simu aliyoandikisha ni yake, au ni ya mtoto aliyeko Dar? Ana bima? Na swali ambalo wanafunzi huliogopa: nani anaamua mambo ya matibabu katika familia hii?

Hilo la mwisho lina uzito wake huku kwetu. Mama anaweza kuwa amelala hapa, binti yake ndiye anayemuogesha, lakini uamuzi wa kukatwa mguu au kuendelea na dawa za gharama unatoka kwa kaka mkubwa anayetuma pesa kutoka mjini. Mwanafunzi asiyemjua kaka huyo atatoa maelezo mazuri kwa watu wasio na kauli. Lakini afundishwe pia upande wa pili: mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mwili wake, na siri zake haziendi kwa kaka mpaka yeye akubali. Kumsemea mgonjwa wakati mwingine ni kumsemea mbele ya ndugu zake.

Choo cha kuchuchumaa nakitaja kwa makusudi. Kijana aliyewekewa chuma kwenye paja anaweza kuruhusiwa na magongo mazuri kabisa, kisha akapata shida yake ya kwanza saa chache baada ya kufika. Kiti kilichotobolewa katikati, fundi seremala wa Majengo anakitengeneza, lakini ni lazima mtu awe ameuliza kabla.

Hatua ya 3: Pesa, bima na ustawi wa jamii

Mwanafunzi aanze kuuliza bili mapema. Mgonjwa anayeogopa bili hatakwambia. Atakuambia anajisikia nafuu na anaomba aende. Mwanafunzi akisikia mgonjwa anaomba ruhusa kabla ya wakati, swali la kwanza lisiwe "kwa nini unakataa matibabu?" Aulize nani amebaki na watoto, ng'ombe wanakatiwa majani na nani, na imeshafika shilingi ngapi. Mara nyingi jibu liko humo, na mara nyingi linatatulika.

Mambo ya msingi ayajue. Sera ya Tanzania inatoa msamaha wa matibabu katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Hospitali ya mkoa kama Mawenzi au Mount Meru ni ya serikali, na hospitali nyingi za Kilimanjaro ni za makanisa, kwa hiyo utaratibu wa msamaha haufanani kila mahali. Mpeleke mwanafunzi kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali yako akakae naye nusu siku. Atajifunza barua ya serikali ya mtaa inaandikwaje, inachukua muda gani kuipata, na kwa nini ndugu anayetumwa kuifuata asubuhi ya siku ya ruhusa amechelewa tayari.

Katazo moja lisiwe na mjadala: mwanafunzi asitoe pesa yake mfukoni wala kuchangisha kwenye grupu la darasa bila ofisa ustawi wa jamii kujua. Moyo ni mzuri, lakini wodi ina wagonjwa wengine wanaotazama, na kesho yake mwanafunzi atageuka benki.

Hatua ya 4: Kusema kwenye raundi

Mwanafunzi anaweza kujua kila kitu kuhusu mgonjwa na bado akanyamaza bingwa anaposema, "Huyu aende." Amelelewa kutompinga mkubwa, na wodi inamwongezea woga juu ya huo wa nyumbani. Kumwambia "jiamini" hakumsaidii. Mpe sentensi tatu: hali, hatari, ombi.

"Dokta, mama wa kitanda cha tisa anaruhusiwa leo na insulini. Anaishi peke yake Uru, na jana alishindwa kuvuta dozi sahihi kwenye sindano mara mbili. Naomba abaki hadi kesho, binti yake anafika jioni na nesi amekubali kuwafundisha wote wawili."

Tazama ombi lilivyojengwa. Lina muda, lina mtu atakayefanya kazi, na halimlaumu yeyote. Bingwa anaweza kulikubali bila kushuka hadhi mbele ya raundi. Mwanafunzi anayesema "Dokta, nadhani hayuko tayari" atajibiwa kwa swali la fiziolojia na mambo yataishia hapo.

Mazoezi yafanyike kabla ya raundi, dakika kumi tu, pembeni, wewe ukiwa bingwa mwenye haraka. Mkatize. Angalia saa yako. Muulize kiwango cha potasiamu. Akipotea, arudi kwenye ombi. Wanafunzi hucheka mara ya kwanza, na wenye sauti ndogo ndio hushangaza watu siku ya tatu.

Na bingwa akikataa? Mwanafunzi aulize sababu kwa heshima, maana mara nyingine ipo: kitanda kinahitajika kwa aliye mahututi, au kukaa zaidi wodini kunamwongezea mgonjwa hatari ya maambukizi. Kisha atafute njia nyingine, labda nesi amfundishe mgonjwa saa mbili zilizobaki, au zahanati ya karibu ipigiwe simu. Kitu asichoruhusiwa ni kurudi kitandani na kusema, "Mama, mimi nilikutetea, wao wamekataa." Hapo atakuwa amejisemea yeye. Pakiwa na hatari ya kweli kwa maisha, aje kwako au kwa muuguzi kiongozi papo hapo, na kubeba jambo hilo juu ni kazi yako.

Hatua ya 5: Mwaga dawa zote kitandani

Siku moja kabla ya ruhusa, mwambie ndugu alete mfuko wa dawa wa nyumbani. Mfuko mzima, pamoja na zile za bibi ambazo mgonjwa huchangia naye. Mwanafunzi azipange juu ya shuka: za kuendelea, za kuacha, mpya. Utaona pakiti mbili zenye majina tofauti ya kibiashara na ndani ni dawa ileile ya presha, moja ya duka la Kiboriloni na moja ya hospitali, na mgonjwa amekuwa akinywa zote kwa uaminifu. Utaona diklofenaki, dawa ya maumivu, za kutosha kuharibu figo. Dawa za kienyeji ziulizwe kwa sauti ya kawaida, baada ya nyingine zote, bila kukunja uso. Ukikunja uso hutaambiwa.

Halafu swali la dukani: dawa hii mpya inapatikana karibu na kwake, na mwezi mmoja ni shilingi ngapi? Kama haiwezekani, daktari abadilishe sasa. Dawa ya daraja la pili inayonywewa kila siku ni bora kuliko ya daraja la kwanza iliyoishia kwenye cheti.

Kwa wa insulini, uliza friji. Chupa ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika hukaa vizuri takribani wiki nne nje ya friji mradi isikae kwenye joto kali. Joto la Moshi mjini mwezi Februari mnalijua. Chungu cha udongo kilichowekwa maji kidogo, kivulini, na chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kinafanya kazi.

Hatua ya 6: Karatasi moja ya Kiswahili

Muhtasari rasmi wa kuruhusiwa utabaki Kiingereza kwa ajili ya kituo kinachofuata. Mwanafunzi aandike wa pili, ukurasa mmoja, kwa mwandiko unaosomeka, kisha daktari aupitie na kuusaini. Bila saini hautoki wodini. Kwa mama mwenye moyo ulioshindwa kazi, unaweza kuwa hivi:

Ulilazwa kwa sababu moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yakajaa miguuni na kifuani.
Dawa ya kutoa maji: kidonge 1 saa moja asubuhi. Usinywe jioni, hutalala kwa kwenda chooni.
Dawa ya moyo: nusu kidonge saa mbili asubuhi, nusu saa mbili usiku.
Acha kabisa: dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni.
Chakula: punguza chumvi. Maharage na makande ya magadi pia yaache.
Rudi hospitali usisubiri kliniki ukiona: uzito umeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu inavimba, unahitaji mito zaidi kulala, unaamka usiku ukitafuta hewa, au kizunguzungu cha kuanguka.
Kliniki: tarehe, siku, na mlango gani.

Magadi yameandikwa kwa sababu mwanafunzi aliyeuliza nani anapika atakuwa ameuliza na anapika nini. Ukisema chumvi peke yake, mama ataacha chumvi na kuendelea na magadi, na sodiamu iko humo pia. Asiye na mizani atazame mkanda wa kandambili: ukianza kubana na kuacha alama wakati jana haukubana, ndiyo dalili.

Saa nazo ni mtego. Faili limeandikwa dawa saa 8 kwa mahesabu ya Kiingereza, mwanafunzi ananakili "saa 8" kwenye karatasi, na mgonjwa anakunywa mchana. Saa ziandikwe kwa maneno na kwa Kiswahili: saa mbili asubuhi. Ile alama ya 1x3 ya kwenye bahasha nayo iandikwe yote: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.

Asiyejua kusoma achorewe jua na mwezi, na mjukuu anayesoma aitwe.

Hatua ya 7: Mgonjwa aeleze, mwanafunzi asikilize

"Umeelewa?" lifutwe wodini. Mtu mzima akiulizwa hivyo na kijana wa koti jeupe atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Mzigo aubebe mwanafunzi:

"Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, dada yako akakuuliza hizi dawa ni za nini, utamwambiaje?"

"Nitamwambia hii ya kutoa maji nakunywa miguu ikivimba."

"Nashukuru umeniambia, hapo sikueleza vizuri. Hii unakunywa kila siku asubuhi, hata miguu ikiwa haijavimba. Ndiyo inayoizuia isivimbe. Tujaribu tena?"

Kosa kama hilo lingemrudisha wodini, na limegunduliwa kwa nusu dakika. Mwanafunzi arudie hadi mgonjwa aseme sawasawa mambo matatu: dawa gani na saa ngapi, dalili gani za kurudi, kliniki lini. Matatu yanatosha. Kwa sindano ya insulini au kusafisha kidonda, maneno hayatoshi. Mkono wa mgonjwa au wa ndugu ufanye mbele ya nesi. Mmaasai au bibi wa milimani ambaye Kiswahili si lugha yake ya ndani atafutiwe mkalimani mtu mzima, asiwe mtoto wa miaka kumi anayetafsiri habari za mkojo wa baba yake.

Hatua ya 8: Simu

Siku ya pili au ya tatu baada ya ruhusa mwanafunzi apige, kwa simu ya wodi, ukiwa jirani. Ruhusa ya kupiga na namba ya kupigia iombwe kabla mgonjwa hajaondoka. Namba isihifadhiwe kwenye simu binafsi ya mwanafunzi, wala faili lisipigwe picha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Asalimie kwanza kama mtu, kisha: umefikaje, dawa zote ulizipata, leo asubuhi umekunywa zipi, kuna dalili yoyote kati ya zile za kwenye karatasi? Akisikia dalili ya hatari asitibu kwa simu. Amwambie arudi au aende kituo cha karibu, kisha amjulishe rezidenti saa ileile na aandike kwenye faili. Simu ikipokelewa na ndugu akasema mgonjwa amefariki, maswali yote yaishie hapo. Atoe pole, asikilize, asiseme chochote kuhusu sababu, na aje kwako. Mwandae kwa hilo kabla hajabonyeza namba, si baada yake.

Kupima kilichofundishwa

Usitunge mtihani. Kaa kando ya kitanda mwanafunzi akiwa anamsikiliza mgonjwa akieleza, soma karatasi yake kwa macho ya mtu aliyeishia darasa la saba, na msikie akiomba kitu kwenye raundi. Baada ya simu, waulize wanafunzi wote kwa pamoja nini kilivunjika nyumbani ambacho wodi haikukiona. Majibu hayo muuguzi kiongozi ayapate, maana ndiye anayeweza kubadilisha utaratibu wa wodi. Wanafunzi watahama, yeye yupo.

Kuhama kwenyewe kuwe na utaratibu. Rotesheni ikiisha Ijumaa na mgonjwa bado yuko kitandani, mwanafunzi anayeondoka amlete anayeingia, amtambulishe kwa mgonjwa kwa jina, na wasome pamoja maswali ya nyumbani yaliyokwisha kujibiwa ili mgonjwa asianze upya. Kwenye faili liandikwe jina la aliyepokea na tarehe ya simu. Asipopatikana wa kupokea, mgonjwa huyo ni wa interni, na interni aambiwe kwa mdomo, si kwa kuachiwa karatasi kwenye meza ya manesi.